Naomba ushauri: nianzie wapi kusoma ufungamano wa kwanta kwenye ombwe?

Habari zenu wakuu. Niko Dar, nasoma uzamili wa fizikia, na tasnifu nataka iwe juu ya ufungamano (entanglement: vipimo vya mifumo miwili kuoana kuliko fizikia ya kawaida inavyoruhusu) katika nadharia ya uga wa kwanta, ile inayoziona chembe kama mitetemo ya uga.

Teoremu ya Bell ya 1964, inayoweka kikomo cha kuoana huko pasipo kwanta, naielewa, na majaribio ya Aspect ya 1982 yaliyoonyesha kikomo hicho kinavukwa pia. Kinachoninyima usingizi ni teoremu ya Reeh na Schlieder ya 1961. Kumbe hata ombwe, pasipo chembe hata moja, maeneo yake yaliyo mbalimbali yamefungamana! Miaka ya 1980 Summers na Werner wakaonyesha kwamba ombwe hilo linavuka kikomo cha Bell. Na bado huwezi kutuma ujumbe kuzidi kasi ya mwanga, maana kipimo cha huku hakigusi takwimu za kule. Jamani, huu ni uzuri wa ajabu.

Msimamizi wangu anataka nianze na aljebra za von Neumann, yaani hisabati ya vipimo vinavyoweza kufanywa katika kila eneo. Hisabati hiyo sina bado. Uga wa Klein-Gordon, ule rahisi wa chembe zisizo na spini, naumudu. Nikiugawa uga uwe mnyororo wa vitetemeshi, nikokotoe entropia (hapa ni kipimo cha wingi wa ufungamano) kwa kompyuta kama Srednicki mwaka 1993, nitapata msingi wa kutosha, au nitakuwa nakwepa kiini chenyewe? Waliopita njia hii, naombeni mnielekeze.