Uniloc dhidi ya Microsoft: MD5 imekuwaje "kujumlisha", na zile $388 milioni zilifutwa kwa nini?

kitasa_xp: Wakuu, napitia hukumu ya rufaa ya 2011 kuhusu hataza ya Uniloc ya Marekani namba 5,490,216, ambapo juri liliamuru Microsoft walipe $388 milioni kwa kuikiuka. Wazo lake nimelipata: CD unaweza kuinakili utakavyo, ila programu haifunguki kikamilifu mpaka namba iliyokokotolewa kwenye kompyuta ilingane na ile ya seva. Nimekwama kwenye dai la 19 la hataza hiyo. Mahakama ilisema linahitaji algoriti ya kujumlisha. Microsoft walitumia MD5 kwenye Office na SHA-1 kwenye Windows, yaani algoriti za kugeuza data yoyote kuwa namba fupi ya kuitambulisha. Ukiukaji uko wapi? Na kama Uniloc walishinda, fidia ilifutwaje?

bitishirini: Mkuu, usiishie kwenye jina la algoriti, ifungue ndani. MD5 ina hatua 64, na kila hatua inajumlisha namba za biti 32, pamoja na kuzungusha biti na kuzichanganya. SHA-1 ni hivyo hivyo, hatua 80. Dai lenyewe limetaja kazi inayofanyika tu, si muundo wa kuifanya, kwa hiyo linabeba muundo ulioelezwa kwenye hataza pamoja na unaolingana nao. Juri la Rhode Island lilikubali kwamba inalingana. Jaji akatengua Septemba 2009, rufaa ikarudisha uamuzi wa juri kuhusu ukiukaji: ushahidi ulitosha. Anayedhani kubadili algoriti pekee kutamwokoa asome hapo mara mbili.

hesabu_za_korti: Kwenye fedha ndiko kuna utamu. Mtaalamu wa Uniloc alichukua hati ya ndani ya Microsoft iliyosema ufunguo wa bidhaa una thamani kati ya $10 na $10,000. Akashika $10, akawapa Uniloc asilimia 25, yaani $2.50, akazidisha kwa leseni takriban milioni 226: karibu $565 milioni. Kisha, eti kuhakiki, akailinganisha na mapato yote ya bidhaa hizo, $19.28 bilioni, ionekane ni asilimia 2.9 tu. Vyote viwili vilikataliwa. Hiyo 25 haikutokana na ukweli wowote wa kesi ile, na hakuna anayenunua Word kwa sababu ya kuamilisha, yaani huo ukaguzi wa namba. Ukiukaji ukabaki, fidia ikarudishwa isikilizwe upya.

kitasa_xp: Shukrani. Na kesi ya Vault dhidi ya Quaid ya 1988, nayo ni ya hataza?

bitishirini: Hapana, ile ni hakimiliki, siri za biashara na sheria ya leseni ya Louisiana. Prolok, diski ya Vault ya kuzuia kunakili, ilikuwa na alama isiyofutika kwenye uso wa diski, na programu ikiikosa haifanyi kazi. RAMKEY, programu ya Quaid ya kuipita kinga hiyo, iliifanya kompyuta ione kwamba alama ipo. Quaid walishinda.