Kitenge chekundu kinachuja, na nataka kukishona pamoja na nyeupe

Fundi_Kondele:
Wadau hamjambo. Nimepata kazi ya kwilti (blanketi la viraka) ya kitanda cha futi tano kwa sita, na mteja anataka viraka vyekundu, vya bluu iliyokolea na vyeupe. Vitenge nimevitoa soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili. Kabla sijakata, nikachovya kipande cha kile chekundu kwenye glasi ya maji moto, na kufumba na kufumbua maji yakawa kama soda ya stroberi. Bluu ilitoa kidogo tu. Muuzaji aliniapia kabisa kwamba hakichuji, lakini hao wanaapa kwa kila kitu. Mteja ana watoto wadogo, hivyo kwilti itafuliwa kila mara. Naizuiaje hii rangi? Na tafadhali, mimi nanunua maji kwa mtungi, msiniambie nisuuze mpaka kesho kutwa.

Nyar_Seme:
Dada, loweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi na kikombe cha siki. Mamangu alifanyia leso zake zote hivyo na hazikuwahi kuchuja.

Batiki_Nakuru:
Nyar Seme, kwa heshima zote za mama, chumvi na siki hazishiki rangi ya pamba. Batiki nimetia rangi hapa Nakuru miaka na miaka, na chumvi naijua. Huwekwa wakati wa kutia rangi, ili kuisukuma iingie kwenye uzi. Rangi ikishaingia, chumvi haina kazi nyingine. Siki nayo ni ya sufu na hariri, ambazo rangi zake hutaka asidi. Rangi tunazotia pamba hutaka kinyume chake, yaani magadi soda (na si ile mnayolainishia mrenda, tafadhali). Leso za mama zilitulia kwa sababu rangi ya ziada ilitoka na maji usiku ule. Maji yamefanya kazi, siki imechukua sifa.

Sasa Fundi. Rangi nyingi za pamba siku hizi huungana na uzi wenyewe, lakini si yote inayofanikiwa. Sehemu yake huungana na maji kule kiwandani badala ya uzi, na ikishafanya hivyo haiwezi kushika tena hata uitumbukize katika Ziwa Magadi lote. Inakaa tu kwenye kitambaa ikingoja kufuliwa. Kiwanda makini huiondoa kwa maji yaliyokaribia kuchemka. Kiwanda chenye haraka hukuachia wewe kazi hiyo. Kwa hiyo usitafute dawa ya kuishikisha, itoe.

Anza na maji baridi mara moja, kuondoa wanga na chumvi iliyobaki. Kisha sufuria kubwa ya maji moto sana na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kitambaa kizame chote na kiwe na nafasi ya kuelea. Ukikibana kwenye beseni dogo, rangi inatoka hapa inajishikiza pale. Sabuni kazi yake ni kuishikilia majini isirudi kwenye kitambaa. Funika, acha mpaka asubuhi, mwaga. Kama maji bado yana rangi nzito, rudia. Kuloweka hivi kunakula maji kidogo kuliko kusuuza mara kumi kwa maji baridi, ambayo haitoi kitu cha maana. Na ni kile chekundu tu kinachohitaji adhabu yote hii. Nyeupe ifue kawaida ili isinyae kabla hujaikata, kwa sababu pamba hupungua.

Halafu usihukumu kwa rangi ya maji peke yake. Shona kiraka chekundu na cheupe pamoja, fua kama mteja atakavyofua, kunja kikiwa kimelowa, kiache saa kadhaa. Nyeupe ndiyo itakuambia ukweli.

Fundi_Kondele:
Asante mwalimu. Nimefanya. Bluu imetulia kabisa, nyeupe yake safi. Nyekundu maji yamepungua rangi, lakini kwenye kile kiraka cha majaribio kuna mstari wa waridi kando ya mshono. Nimechoma na uzi wake: umeungua kama karatasi ukaacha jivu laini, kwa hiyo si poliesta.

Batiki_Nakuru:
Rudia mara moja zaidi. Ukiona mstari tena, hiyo huenda ni rangi ya aina nyingine, ile inayoegemea tu kwenye uzi bila kuungana nao, na itatoa maisha yake yote. Mimi singeiweka karibu na nyeupe kwa pesa yoyote. Shonea mfuko au mto wa viti ukiichanganya na nyeusi.

Nyar_Seme:
Basi siki narudisha jikoni 😂 Fundi, tafuta mashati mekundu ya mitumba, ya pamba tupu. Yameshafuliwa huko yalikotoka mpaka yakachoka.

Fundi_Kondele:
Hilo sikuliwaza! Mteja hatajali mradi ni nyekundu. Kesho narudi Kibuye, na haya mashati pia yatapita kwenye glasi.

Kakamega_Viraka:
Samahani kuingilia. Mimi yangu ilishashonwa, imefuliwa jana, na nyeupe imekuwa waridi. Bado iko kwenye beseni.

Batiki_Nakuru:
Usiianike na usiiguse kwa pasi! Ikikauka hivyo kazi inakuwa ngumu zaidi. Tafuta pipa au karai kubwa kabisa, maji moto kadiri fiba ya ndani (ule ujazo wa katikati) itakavyovumilia, sabuni ya vyombo ya kutosha, na kwilti yote izame, weka sahani nzito juu. Iache kwa muda wa saa kumi na mbili hivi, kisha maji mapya, mpaka yabaki meupe. Jiki weka mbali, itakula pamba na kuondoa rangi ulizozitaka. Ukimaliza, ikamue kwa taulo na uitandaze wazi kwenye upepo. Usiikunje juu ya kamba, nyekundu isilalie nyeupe ikiwa bado mbichi.