Trela ya kulala yenye umbo la tone: plaiwudi au chuma?

Mwana wa Rongai
Wadau, habari zenu. Najitengenezea trela ya kulala watu wawili, ile yenye mgongo wa mviringo, jiko likiwa nyuma chini ya mfuniko. Nitaivuta kwa gari dogo lenye injini ya cc 1500. Nina drili, jigso, grenda na vibano sita. Urefu ni futi 8, kimo futi 4, ili kila ubavu utoke kwenye shiti moja ya plaiwudi bila kuunga. Swali langu: nitumie plaiwudi, au fremu ya chuma iliyovikwa bati? Mteremko wa Mai Mahiu nitaushuka, na kurudi lazima niupande.

Seremala Umoja
Plaiwudi, ndugu yangu. Shiti ya milimita 12 ina kilo 20 na kitu. Bati la chuma la milimita 1, ukubwa ule ule, lina kilo 23, na hapo hujaweka fremu. Ubavu wa plaiwudi ni ukuta na mfupa kwa pamoja. Mgongoni weka shiti mbili za milimita 3, moja juu ya nyingine, kwa gundi. Ijaribu kwa mikono ukiwa bado dukani: shiti hukubali kukunjwa upande mmoja na kukataa upande wa pili.

Chuma Kariobangi
Fundi, nakuheshimu, lakini hujamwambia habari ya maji. Plaiwudi huanza kuoza ukingoni na kwenye matundu ya skurubu. Niliwahi kufungua moja iliyolala nje masika mawili. Rangi ilikuwa safi, ila sehemu ya chini bisibisi ilizama kama kwenye mkate. Bomba la mraba la inchi moja, lenye ukuta wa milimita 1.2, lina kilo moja hivi kwa mita. Livike alumini, ambayo uzito wake ni theluthi tu ya chuma. Usiache alumini iguse chuma kitupu, maana unyevu ukikaa katikati, alumini huliwa. Weka ukanda wa mpira.

Mama Tembea
Yetu ni ya plaiwudi, tuliijenga nyuma ya nyumba huku Ruai. Kila tundu la skurubu tulilitoboa, tukalijaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya isiyopitisha maji, ikakauka, ndipo tukalitoboa upya. Kingo tulizipaka mara tatu. Kaka wa Kariobangi, ya maji umesema kweli, lakini kuna maji ya ndani pia. Usiku wa Nyahururu pumzi za watu wawili hugeuka matone kwenye chuma baridi, na godoro hulowa. Ukichagua bati, funika kila bomba kwa ndani. Vyovyote vile, tundu la hewa paani lisikosekane, na jiko lisiwashwe kamwe ndani mnamolala. Nawasihi sana kwa hilo.

Mwana wa Rongai
Asanteni. Na chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini? Nimewahi kuchomelea madirisha tu.

Chuma Kariobangi
Usijifunzie hapo, kijana. Kata na upange vyuma mwenyewe, kuchomelea mpe mzoefu. Ekseli na habu zitafute Kirinyaga Road, zenye matundu ya nati sawa na ya gari lako, ili gurudumu moja la akiba litumike kote. Mzigo unaolalia gari pale trela inaposhikana nalo uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Wewe jiko na maji viko nyuma, kwa hiyo ekseli isogee nyuma ya katikati. Trela yenye mkia mzito huyumba ukikaza mwendo. Pima ikiwa imejaa. Halafu usajili: trela ina namba yake, ile inayoanza na Z. Waulize NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, masharti kabla hujakata chuma.

Mwana wa Rongai
Nimeamua: plaiwudi, na epoksi kama ya Mama Tembea. Jumamosi niko soko la Gikomba. Seremala, zile mbao za kukingama zinazoshikilia mgongo ziachane kiasi gani?

Seremala Umoja
Inchi 12 kwenye mkunjo, 16 palipo sawa. Beba chaki, uchore mkunjo wote sakafuni kabla ya kukata.