Naombeni ushauri: kupiga picha korongo kwenye theluji, na mimi theluji naijua ya kwenye friza tu

MpigaPicha_Igoma
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Kazi yangu ni harusi, kipaimara na sendofu hapa Mwanza, ila Jumapili nashinda ufukweni napiga picha za ndege. Sasa nimepata mafunzo ya wiki mbili Japani mwezi wa pili, na mwishoni nina siku tatu zangu mwenyewe. Nataka nipande hadi Hokkaido, kijiji cha Tsurui karibu na mji wa Kushiro, nikawapige wale korongo weupe wenye utosi mwekundu. Wenyeji wanawaita tancho.

Lenzi yangu ndefu ni ya milimita 150-600. Betri ninazo mbili, moja imechoka kama mimi. Nijiandaeje? Matusi pelekeni uzi wa siasa.

Nyegezi_Juu
Mkuu, nauli yote hiyo kufuata korongo? Si tuna korongo taji hapa hapa, mpaka Uganda wamemweka kwenye bendera. Nenda mabonde ya mpunga ukampige bure.

Mwalimu_Ndege
Nyegezi_Juu una hoja, tena korongo taji tangu 2012 wamo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Lakini mwache mwenzio aende. Hao tancho watu wa Hokkaido walidhani wamekwisha kabisa, mpaka 1924 walipoonekana wachache kwenye kinamasi cha Kushiro. Miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuwamwagia mahindi wakati wa baridi, na leo wanazidi elfu moja. Ndiyo maana unawakuta wamejaa Tsurui, wanafuata mahindi.

Mleta uzi, usiwatafute juu ya miti. Korongo taji wetu ana kidole kirefu cha nyuma, anashika tawi na kulala mtini. Tancho hawezi, analala amesimama ndani ya maji. Pale Tsurui kuna mto Setsuri ambao haugandi, na juu yake kuna daraja la Otowa. Alfajiri unasimama darajani unawaona kwa mbali, ukungu unapanda majini, miti imevaa barafu. Watu hujaa pale kabla jua halijachomoza, kwa hiyo fika kungali giza. Usishuke mtoni kuwafuata. Wanalindwa na sheria, na ukimfurusha mmoja umewaharibia asubuhi wote waliosimama na wewe. Hiyo 600 yako itatosha kwa shida. Mchana nenda kwenye viwanja vya kuwalishia, ndiko wanakocheza karibu.

Bodaboda_Buzuruga
Japani wanaendesha kushoto kama sisi. Ila barafu barabarani si tope la Igoma, panda basi.

Dada_Lenzi
Nimesoma miaka mitatu nchi ya baridi, nisikilize kaka.

Kamera inadhani dunia yote ni kijivu. Ukiielekeza kwenye theluji inaona mwanga umezidi, inapunguza, theluji inatoka kama majivu na korongo kama kuku aliyeogea vumbi. Ongeza ekspoja, yaani kiasi cha mwanga wa picha, mwenyewe, kuanzia +1 hadi karibu +2, kadiri theluji ilivyojaa kwenye fremu. Halafu tazama grafu ya mwanga, usiamini kioo cha nyuma ya kamera. Manyoya ya mgongoni yakiungua kwa mwanga hayarudi, hata ukipiga RAW, lile faili ghafi la kamera. Theluji ikiwa inaanguka, fokasi itakimbilia chembe zake. Tumia nukta moja, iweke shingoni pale jeusi linapokutana na jeupe. Wakiruka, kasi ya shata iwe 1/2000 ya sekunde.

Alfajiri kule huweza kushuka chini ya nyuzi -20, na betri huzimika upesi. Ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Iliyozimika nayo irudishe humo, ikipata joto huamka kidogo. Hiyo iliyochoka iache Igoma, nunua mpya mbili.

Kubwa zaidi: usiingie kwenye hita na kamera ikiwa wazi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uingie nayo hivyo, uiache mpaka ipate joto. Mimi niliingia mgahawani imening'inia shingoni, ikatoa jasho mpaka ndani ya lenzi. Nusu siku sikuona kitu, nikanywa chai tu.

Mama_Sangara
Mwanangu, kamera siijui, mimi nauza samaki mwaloni Kirumba. Lakini barafu tunayo, ile ya kusaga ya kufukia sangara. Njoo asubuhi ujaribu kabla hujamaliza nauli ya watu.

MpigaPicha_Igoma
Mama shikamoo. Kesho niko hapo.

Mama_Sangara
Marahaba. Uje na viatu vya maji.

MpigaPicha_Igoma
Mrejesho wakuu. Mama kanimwagia kreti zima la barafu juani. Nikatandaza shati jeupe la harusi, mwavuli mweusi ukawa shingo, kofia nyekundu juu. Watu wakadhani naagua.

Kwenye sifuri barafu ilitoka rangi ya saruji. Kwenye +1.7 ikawa barafu kweli, ila kola ya shati ikaungua, mishono haionekani. Nikarudi +1.3, vyote vikakaa. Katikati ya zoezi akatua yangeyange, mweupe pe, akatembea juu ya barafu yangu akidonoa vipande vya samaki. Huyo nimempata vizuri kuliko shati.

Kamera nikaifukia nusu saa kwenye kasha la barafu, ndani ya mfuko. Nilipoitoa, ukungu uliganda juu ya plastiki, kioo kikavu. Dada_Lenzi, Mungu akupe maisha. Kilichobaki ni glavu: nakamataje kitufe nikiwa nimevaa?

Dada_Lenzi
Vaa mbili. Nyembamba ndani, nene juu, unavua ya juu ukitaka kupiga. Na usipumulie kioo cha kuchungulia, kinaganda.

Mama_Sangara
Picha ya huyo ndege mwizi naitaka. Na kreti langu hujarudisha.