Tupeane uzoefu: matatizo baada ya kushonwa kano ya mkono

Ndugu zangu, kano ya msuli wa mbele wa mkono ilinikatika karibu na kiwiko nilipodaka gunia la mahindi lililokuwa likiporomoka kutoka kwenye lori, nikafanyiwa upasuaji wa kuirudisha kwenye mfupa. Kidonda kilifunga vizuri, lakini upande wa nje wa kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo) ulibaki na ganzi, kiasi kwamba nikioga maji ya moto hapo siyasikii. Daktari alinieleza kwamba neva ya ngozi inayopita sehemu hiyo huvutwa wakati wa upasuaji, kwamba hilo ndilo tatizo linalojitokeza zaidi, na kwamba kwa wengi hupungua lenyewe baada ya miezi. Yangu imepungua, haijaisha. Waliopitia upasuaji wa kano, iwe ya kiwiko au ya vidole, naomba mtueleze yaliyowapata.

*

Pole sana, kaka. Mimi ni seremala, na kioo cha dirisha kilinikata kano za kukunja vidole juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mwanzoni nilikatazwa kabisa kushika kitu kwa nguvu, kwa sababu katika wiki za kwanza kinachoshikilia kano ni uzi tu, na ukikatika kidole hulegea ghafla. Hata hivyo, kuuacha mkono umetulia tuli nako kuna hasara yake, kwani kano hunata kwenye kovu. Ndivyo ilivyonitokea: kidole cha kati nikikikunja kwa kusaidiwa na mkono wa pili kinafika kiganjani, ila chenyewe kinaishia njiani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia kuwa tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba kiungo ni kizima na kano ndiyo iliyonata. Upasuaji wa kuibandua haufanywi upesi, hivyo kwa sasa naendelea na mazoezi kila siku, nayo yanaleta nafuu.

*

Mume wangu alishonwa kano ileile ya kiwiko. Yeye hana ganzi, bali hawezi kugeuza kiganja kikatazama juu, hata kupokea chenji dukani ni lazima ainamishe bega zima. Eksirei ilionyesha mfupa mpya umeota kati ya mifupa miwili ya kigasha, ukaizuia isizunguke. Wakati kigasha kinaanza kukaza, tulidhani ni uvivu wa mazoezi, na maneno hayo yalimuumiza bure.

*

Kwangu, nilipozinduka kutoka usingizi wa upasuaji wa kano ya kiwiko sikuweza kuinua dole gumba wala kunyoosha vidole, ingawa kukunja niliweza. Iliyoathirika ilikuwa neva ya ndani zaidi, ile inayoendesha misuli ya kunyoosha vidole. Nilifungwa kifaa cha kushikilia vidole vikae vimenyooka, na nguvu zikarudi polepole kwa miezi. Anayeona dalili hii amwambie daktari siku hiyohiyo, asisubiri kliniki.

*

Ahsanteni. Dada, je, mumeo amepangiwa kuutoa mfupa huo, au wameamua kusubiri kwanza?