Ukoo Wetu: safari ya theluji ya Jumamosi

Dogo (Denver): Shikamooni wakubwa. Kesho naenda na wenzangu wa kazini kutembea kwenye theluji, upande wa Berthoud Pass, njia ya milimani huku Colorado. Imeanguka usiku kucha na kesho jua linawaka! 🏔️

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Si ndiyo ile inayoporomoka na kufukia watu?

Dogo: Hatupandi juu Ma'mdogo, tunapita chini tu.

Kaka (Leadville): Dogo, kupita chini si kinga. Shida ya Colorado iko kwenye theluji ya mwanzo wa msimu. Huwa haba, baridi kali ikaigeuza chembechembe kama sukari, hazishikani. Yote iliyoanguka baadaye imekaa juu ya hizo. Ukikanyaga bondeni, tabaka hilo linaweza kuvunjika hadi mlimani, bamba zima la theluji likawashukia.

Mama Mdogo: Yaani mtu anajiangushia mwenyewe??

Kaka: Mara nyingi ndivyo, yeye au mwenzake.

Dogo: Utabiri wa maporomoko unasema hatari ni 3 kati ya 5. Si ya katikati hiyo?

Kaka: Ngazi ya 3 inaua sana mdogo wangu. Ikifika 4 au 5 wengi hawaendi. Kila mtu ana redio ya kutafutana, fimbo ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, na sepetu?

Dogo: Anavyo mmoja tu.

Kaka: Basi havisaidii. Redio inatafuta redio. Na aliyefukiwa anahitaji kutolewa ndani ya dakika 10 au 15, waokoaji kutoka mjini hawawahi. Wa kumfukua ni mliokuwa naye.

Mjomba: Kijana anataka kutembea lakini. Hakuna pa salama?

Kaka: Papo Mjomba. Mabamba mengi hukatika kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Watafute pasipofika 30, na juu yao pasiwe na mteremko mkali. Kuna ramani za simu zinaonyesha kwa rangi. Na Dogo, mkisikia theluji inaguna "vuump" chini ya miguu, au ufa ukikimbia mbele yenu, geuzeni hapo hapo.

Dogo: Nimewatumia wenzangu yote haya. Wawili wamekubali tubadilishe njia. Mmoja anasema keshalipia chumba kule.

Mama Mdogo: Wa chumba asikuvute! Weka humu njia mnayopita na saa ya kurudi.

Dogo: Sawa Ma'mdogo, naweka usiku huu.

Kaka: Asubuhi msome tena utabiri wa CAIC, kituo cha taarifa za maporomoko ya theluji cha Colorado, kabla ya kuondoka. Huku upepo umeanza, unarundika theluji upande wa pili wa vilele.