Kuingia kwenye programu ya kanisa: nywila za ndani, akaunti za Google au Keycloak?

Katibu_Ofisi
Wapendwa, tunafunga programu ya kusimamia kanisa kwenye seva yetu wenyewe: orodha ya waumini, mahudhurio, zaka na ahadi. Inakubali nywila za ndani (zinazohifadhiwa na programu yenyewe), na pia SAML 2.0 na OpenID Connect, yaani viwango viwili vya kuingia kwa akaunti ya mfumo mwingine kama Google. Watumiaji ni wa aina mbili. Kuna ofisi (mchungaji, mhazini, makarani), ambao tayari wana barua pepe za Google Workspace kwenye kikoa cha kanisa, na kuna waumini watakaoingia kuangalia michango yao. Ningependa mtu wa ofisi aingie mara moja asubuhi, asiulizwe tena nywila kwenye kila programu. Nichague njia ipi?

fundi_seva
Usilazimishe njia moja kwa makundi yote mawili. Ofisi waingie kwa Workspace kupitia OpenID Connect. Faida kubwa inaonekana siku karani anapoacha kazi: unasimamisha akaunti moja na hawezi kuingia tena popote.

Hatua zenyewe: kwenye Google Cloud fungua mradi, weka skrini ya idhini iwe ya watumiaji wa ndani tu, kisha tengeneza kitambulisho cha OAuth (kiwango ambacho OpenID Connect imejengwa juu yake) cha programu ya wavuti. Andika anwani ya kurudishia kama programu ya kanisa inavyoitaja, herufi kwa herufi. `http` badala ya `https`, au mkwaju uliozidi mwishoni, inatosha kukuletea kosa la `redirect_uri_mismatch`. Omba ruhusa za `openid email profile` tu. Programu ikague `hd` (kikoa cha akaunti) iliyo ndani ya tokeni yenyewe, yaani hati iliyosainiwa ambayo Google inairudisha. Ile `hd` unayotuma kwenye ombi inasaidia kuchuja orodha ya akaunti kwenye skrini, haizuii mtu.

Neema_K
Naongeza jambo linaloharibu mifumo mingi ya makanisa: msitumie barua pepe kama ufunguo wa kumtambua mtu. Mume na mke hutumia anwani moja, mtoto amesajiliwa kwa anwani ya mama, na anwani hubadilika. Programu ikilinganisha barua pepe peke yake, mtu ataona ahadi za mwenzake. Hifadhini `iss` (aliyetoa tokeni) na `sub` (kitambulisho cha mtumiaji kwake) kwa pamoja. `Sub` ya Google haibadiliki wala hapewi mtu mwingine. Wanaotumia Microsoft Entra (huduma ya akaunti za taasisi ya Microsoft) wachukue `oid` (kitambulisho cha mtumiaji) pamoja na `tid` (kitambulisho cha taasisi), kwa sababu barua pepe inayokuja kwenye tokeni ya huko msimamizi wa taasisi nyingine anaweza kuijaza atakavyo.

Kuunganisha mara ya kwanza: ofisi itoe msimbo wa mwaliko wa kutumika mara moja kwa kila rekodi ya muumini. Akiuingiza baada ya kuthibitishwa, ndipo `sub` yake inaandikwa kwenye rekodi hiyo.

mlinzi_wa_zamu
Kwa kuwa programu inakubali zote mbili, SAML iacheni. Si mbovu, ila ina mitego mingi zaidi kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu. Cheti cha kusainia kina tarehe ya mwisho, na kikiisha bila kubadilishwa upande wa programu, watu wote wanabaki nje siku moja. Saa ya seva ikipotea dakika chache, jibu linakataliwa kwa `NotBefore` au `NotOnOrAfter` (mipaka ya muda wa jibu kutumika), kwa hiyo NTP, inayosawazisha saa ya seva, ni lazima. Tena jibu la SAML kwa kawaida hurudi kwa POST kutoka tovuti nyingine: kuki ya programu (kumbukumbu ndogo kwenye kivinjari) ikiwa `SameSite=Lax`, kivinjari hakiitumi, programu inasahau kwamba ilimtuma mtu huyo, na anazungushwa kati ya kurasa mbili bila mwisho. Kuki hiyo inahitaji `SameSite=None; Secure`.

Kwa OpenID Connect tumieni mtiririko wa msimbo pamoja na PKCE (kinga dhidi ya msimbo ulioibwa), mkague `state` na `nonce`, thamani za nasibu zinazothibitisha kwamba jibu ni la ombi mlilotuma.

Katibu_Ofisi
Na Keycloak je, ile programu huria ya kusimamia kuingia tunayoweza kuiendesha wenyewe? Nimeshauriwa kwamba ingetuweka huru na Google.

fundi_seva
Inafaa mkiwa na programu nne au tano zinazohitaji mlango mmoja, na mtu wa kuitunza. Itahitaji hifadhidata yake (PostgreSQL inatosha), nakala rudufu na masasisho ya mara kwa mara. Ikilala, kila kitu kinalala. Msiiendeshe kwa `start-dev` (hali ya majaribio) kwenye kazi halisi. Ikikaa nyuma ya nginx (seva inayopokea maombi mbele yake), wekeni `KC_HOSTNAME` na `KC_PROXY_HEADERS=xforwarded`, la sivyo tokeni itataja anwani ya `http` na programu itaikataa kwa kuwa `iss` hailingani. Kwa programu moja, mzigo huu hauna maana.

Neema_K
Waumini wabaki na nywila za ndani, maana si wote wana akaunti ya Google na hawapaswi kulazimishwa. Hakikisheni zinahifadhiwa kwa Argon2id au bcrypt (njia za kuficha nywila zisisomeke), majaribio yanapunguzwa kasi, na kiungo cha kubadili nywila kinakufa ndani ya muda mfupi. Namba ya simu isiwe njia pekee ya kurudisha akaunti: namba iliyoachwa huuzwa kwa mtu mwingine.

Katibu_Ofisi
Mhazini wetu naye ni muumini. Atakuwa na akaunti mbili?

mlinzi_wa_zamu
Rekodi moja, njia mbili za kuingia. Ruhusa zifuate njia aliyotumia: kupitia Workspace, yenye uthibitishaji wa hatua mbili, anaona hesabu zote, kwa nywila ya muumini anaona michango yake tu. Ruhusa hizo zipangwe ndani ya programu, kwani Google inasema huyu ni nani, haijui nani anaruhusiwa kuona zaka.

Mambo mawili zaidi. Kusimamisha akaunti ya Workspace hakumtoi mtu aliyekwisha kuingia, hivyo kwa ofisi wekeni kikomo cha saa 8, na msimamizi awe na kitufe cha kufuta vipindi vilivyo wazi. Pia acheni akaunti moja ya msimamizi yenye nywila ya ndani, ndefu, imeandikwa na kufungiwa kwenye sefu, ili siku Google isipopatikana mlango usiwafungie wote. Ikitumika, ibadilishwe siku hiyohiyo.